Magoti Ndani

Kabla hajaitwa Mzizi alikuwa fundi wa kuchomelea, kijana wa mageti na nondo za madirisha, mwenye makovu madogo ya cheche mikononi na macho mekundu hata siku ya mapumziko. Jina alilipata kwenye karate. Kiwanda cha saruji kilichokuwa jirani na kwao kilimleta mhandisi wa mitambo kutoka Japani, mtu mfupi, mkimya, ambaye jioni alifanya mazoezi peke yake kwenye uwanja wa kuegesha malori. Kijana alianza kwa kuchungulia, akaishia kuvua viatu.

Mhandisi hakujua lugha ya pale zaidi ya salamu na majina ya vipuri, kwa hiyo alifundisha kwa kuonyesha na kwa kijiti cha mwanzi. Akikugonga kiwiko, ujue kiwiko kimekaa vibaya. Akikugonga kisigino, ujue umekinyanyua. Baada ya mwaka na kitu mkataba wake uliisha, akapanda ndege akarudi kwao. Aliacha nyuma yake mkanda wa kahawia na kijana aliyeamini kwamba ameshaona kila kitu.

Kijana akawa mtu mzima, akaoa, akafungua karakana yake mwenyewe. Nyuma ya karakana kulikuwa na banda refu la mabati lenye sakafu ya saruji. Akalisafisha, akaligeuza dojo, ukumbi wa karate. Asubuhi mpaka alasiri alichomelea, jioni alifundisha. Watu walimjua kwa miguu yake. Vijana wa mtaani walikuja kumjaribu, wakamsukuma mmoja mmoja, kisha wakamsukuma wawili kwa pamoja, naye kasimama pale pale anawaangalia kama mtu anayesubiri maji yachemke. Ndipo mmoja wao, akihema, akasema, "Huyu ni mzizi, mwacheni." Jina likaganda.

Mkao alioupenda kuliko yote ni ule uitwao kiba-dachi, mkao wa mpanda farasi. Unatanua miguu kupita upana wa mabega, nyayo zikitazama mbele, unashuka mpaka mapaja yakaribie kulala, mgongo wima, na hapo unabaki. Hupigi, hupigwi. Unakaa tu mpaka mapaja yatetemeke kama injini ya gari bovu. Wanafunzi waliuita kukaa farasi. Mkewe, fundi cherehani aliyewashonea wote magwanda meupe kwa kitambaa cha mashuka, aliwachungulia siku moja akauliza, "Mbona mmekaa kama foleni ya choo?" Basi tangu siku hiyo aliyechelewa darasani aliulizwa kama alikuwa kwenye foleni.

Katika mkao huo Mzizi alikuwa na amri yake moja, na aliitoa kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani: magoti ndani. Jioni moja enzi za malori, yule mhandisi alimgonga ubavuni mwa goti, taratibu, mara kadhaa, mpaka magoti yakasogea kuelekeana. Kisha akatikisa kichwa kukubali. Ni mara chache sana alimkubalia kitu, na Mzizi aliitunza ile jioni kama mtu anavyotunza dhahabu. Amri ya pili ilikuwa ya kugeuka. Unyayo ushike sakafu kama umepakwa gundi, mwili ugeuke, nyonga igeuke, unyayo usisogee. Aliyesogeza unyayo alirudia upya, na aliyelalamika alirudia zaidi.

Mtoto wao alikuwa mmoja tu, binti. Aliingia bandani akiwa bado na mapengo ya meno ya utoto, na hakuna aliyemlazimisha. Nyumbani alimwita Baba, bandani alimwita Sensei, yaani mwalimu, na hakuchanganya hata mara moja. Alikuwa na kipaji ambacho baba yake hakuwa nacho. Mzizi alisimama imara kwa sababu alikuwa mzito na mkaidi. Binti alisimama imara kwa sababu alisikiliza. Ukimwambia shuka, alishuka. Ukimwambia baki, alibaki, uso mkavu, hata jasho likimchuruzika puani hakulifuta. Kwenye maonyesho ya shule na viwanja vya mpira yeye ndiye aliyekuwa kivutio. Alikaa farasi, kisha Spana, msaidizi wa Mzizi, kijana mwembamba mwenye vidole vya chuma aliyekuwa fundi wa magari, akapanda na kusimama juu ya mapaja yake, mguu huku na mguu huku, akanyoosha mikono. Watu walipiga makofi. Mzizi alisimama pembeni amevimba kwa fahari mpaka mkanda ukambana.

Goti lilianza kulia binti akiwa bado sekondari.

"Sensei, huku ndani kunakwaruza," alisema siku moja, ameshika goti la kulia. "Kama kuna mchanga."

"Linakomaa hilo," Mzizi akamjibu. "Shuka."

Akashuka.

Mama yake alimkanda kwa maji ya moto akamfunga kitambaa. Aliuliza mara moja kama hayo mazoezi hayana likizo, akajibiwa kwamba askari hana likizo. Akarudi kwenye cherehani yake, kwa sababu binti mwenyewe alikuwa akicheka.

Kisha akaja mtahini. Chama cha karate kilikuwa kimeanza kusajili madojo madogo madogo, na aliyetumwa kwa Mzizi alikuwa mama wa makamo, mnene kidogo, mwenye nywele zilizoanza mvi na sauti ya chini. Wanafunzi walitazamana. Walikuwa wamejiandaa kwa jitu. Yule mama alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti, akawatazama kuanzia chini kwenda juu. Hakuangalia ngumi hata kidogo. Aliangalia nyayo, kisha magoti, akarudi kwenye nyayo. Ilipofika zamu ya binti kuonyesha, mtahini aliinuka akachuchumaa karibu yake, akatazama goti la kulia likigeuka huku unyayo umeganda kwenye saruji, na akafumba macho.

Baadaye alimwomba Mzizi watoke nje. Wakakaa kwenye benchi la karakana, kati ya geti lililokuwa halijapakwa rangi na rundo la mabomba.

"Mwalimu wako alikuwa nani?" akauliza.

Mzizi akamweleza habari za mhandisi, malori na kijiti.

"Ulikaa naye muda gani?"

"Muda wa kutosha."

Mama yule hakubishana. "Alikugonga goti mkiwa kwenye mkao upi? Huu mpana, au ule mfupi, miguu karibu karibu, wa kupumua kwa nguvu?"

Mzizi aliiona ile jioni waziwazi: lori la bluu, harufu ya saruji, miguu yake mwenyewe. Ilikuwa karibu karibu.

"Katika ule mfupi magoti huingia ndani kidogo," mtahini akasema. "Katika huu mpana, goti lifuate vidole vya mguu. Siku zote. Likiingia ndani huku umebeba uzito, unalikunja upande ambao halikuumbiwa kukunjika. Na wanapogeuka, unyayo lazima uzunguke. Usipozunguka, goti ndilo linazunguka. Unalikamua kama nguo. Huyu binti ni wako?"

"Wangu."

"Mpumzishe. Mpeleke hospitali wakamtazame. Na hawa wengine ubadilishe kuanzia kesho. Hujachelewa kwa wote. Nakuambia hapa nje kwa sababu wewe ni mwalimu wao, sitaki kukuvunjia heshima mbele yao."

Akavaa viatu vyake akaondoka. Ile heshima aliyomwachia ndiyo iliyomponza.

Kesho yake Mzizi alifunga mlango wa karakana akiwa peke yake, akasimama katikati ya mageti, akakaa farasi. Akayasukuma magoti nje mpaka yakawa sawa na vidole. Hapo hapo kitu kilitulia mwilini mwake. Nyonga zilifunguka, mgongo ukashuka wenyewe, na ule uchungu mdogo alioubeba miaka yote upande wa ndani wa goti, aliokuwa ameshauzoea kama mtu anavyozoea kelele za jirani, ukanyamaza. Akageuka, akauacha unyayo uzunguke. Aligeuka laini kama mlango uliotiwa mafuta. Hakuhitaji kuambiwa mara ya pili. Mama yule alikuwa amesema kweli tupu, na Mzizi akaogopa kuliko alivyowahi kumwogopa mtu yeyote.

Jioni wanafunzi walijipanga. Spana akauliza kwa niaba ya wote, "Sensei, yule mama alisemaje?"

Mzizi aliwatazama. Wengine walikuwa naye tangu utotoni. Wengine walikuwa wazazi sasa, wameleta watoto wao. Binti yake alikuwa mstari wa mbele, kidevu juu, anasubiri jibu.

"Alisema tuko vizuri," akasema. "Kaeni farasi."

Alijiambia atabadilisha polepole, kidogo kidogo, ili asionekane amebadilisha. Wiki ya kwanza alipunguza muda wa kukaa, wakadhani anaumwa. Spana akamtania kwamba uzee umeanza kubisha hodi. Wiki iliyofuata akaurudisha muda ule ule. Amri ya magoti ilimtoka kinywani yenyewe, kama kikohozi. Kila jioni alipoitoa alijua anachokifanya, na kila jioni alisema kesho. Kumpeleka binti hospitali kungeleta maswali, na maswali yangeleta lile benchi. Kwa hiyo alimnunulia bandeji ya kuvuta, akamwambia ajifunge vizuri.

Binti alimaliza masomo akapata kazi kwenye shule ya chekechea. Ilikuwa kazi ya kuinama na kuchuchumaa kutwa nzima: kufunga kamba za viatu, kufuta makamasi, kuokota vibao vya rangi chini ya meza, kumtazama mtoto machoni anapolia. Aliipenda kupita kiasi. Alirudi nyumbani na vituko vya watoto, akawaiga mpaka mama yake akatoa mguu kwenye pedali ya cherehani kwa kicheko. Ngazi za mlangoni kwao alikuwa ameanza kuzishuka kiubavu ubavu, mkono ukutani. Alisema ni uchovu.

Siku ilipofika ilikuwa mchana kweupe, kwenye uwanja wa shule yake yeye mwenyewe, mbele ya watoto wake. Mwalimu mkuu aliomba maonyesho kidogo siku ya wazazi. Spana alikuwa ameshapanda na kushuka mapajani, makofi yameshapigwa, na kilichobaki ni kugeuka mara moja na kuinama. Binti akageuka. Waliokuwa karibu walisikia mlio, si mkubwa, kama kijiti kibichi kinapovunjwa. Alianguka kiupande, hakupiga kelele. Watoto walidhani ni sehemu ya mchezo, wakashangilia.

Daktari aliwaonyesha picha akawaeleza kwa kalamu. Ndani ya goti, alisema, kuna gegedu, kitu kinachofanya kazi kama pedi za breki, mfupa usisage mfupa. La kulia lilikuwa limechanika, na sehemu kubwa ilikuwa imeshalika siku nyingi kabla. La kushoto lilikuwa njiani. "Haya ni magoti ya bibi kizee," akasema, kisha akamwangalia mgonjwa akajuta. Wangeweza kutoa vipande vilivyolegea ili asisikie maumivu makali. Kilicholika hakioti tena. Kuchuchumaa asahau.

"Hata kidogo?" binti akauliza. "Kama kumfunga mtoto kiatu?"

"Labda umwinue mtoto juu ya meza," daktari akasema.

Mzizi alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Njia nzima ya kurudi nyumbani binti ndiye aliyembembeleza. "Baba, usijilaumu. Ni ajali. Ungejuaje?"

Hapo ndipo angesema. Mkewe alikuwepo, binti alikuwepo, mlango wa kusema ulikuwa wazi kabisa. Alisema tu, "Pole, mwanangu."

Mtahini alirudi kwa ukaguzi mwingine. Binti alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango wa banda, gongo limeegemea ukuta, kwa sababu hakuweza kukaa mbali na mahali pale hata kama hakuweza kuingia uwanjani. Mama yule alimwona, akasimama. Akalitazama goti lililofungwa, akainua macho ndani ya banda, ambako mstari mzima wa watoto ulikuwa umekaa farasi, magoti yakitazamana.

"Kwani baba yako hakukwambia?" akauliza.

"Hakuniambia nini?"

Mtahini akamwambia. Aliongea kwa sauti ile ile ya chini, lakini banda lilikuwa limenyamaza, na wote wakasikia. Binti alisikiliza mpaka mwisho kama alivyozoea kusikiliza. Kisha akamgeukia baba yake, na kwa mara ya kwanza alichanganya.

"Baba," alisema, bandani, mbele ya watu. "Ulijua?"

Mzizi akaitikia kwa kichwa.

Binti akachukua gongo lake akatoka. Hakulia, hakugombana. Nyumbani alimjibu baba yake alipoulizwa, alimpitishia chumvi alipoiomba, na zaidi ya hapo hapakuwa na kitu. Mke wa Mzizi ndiye aliyesema, akiwa anakata kitambaa, bila kuinua macho. "Ungeniambia mimi. Mimi ningemfungia mlango. Angenichukia, lakini angetembea." Akaendelea kukata. Tangu siku hiyo hakushona gwanda jingine.

Mzizi alilifunga banda. Aliwakusanya wanafunzi akawaambia ukweli wote, benchi, kijiti, mkao mfupi na mkao mpana, akawaonyesha goti linavyotakiwa kukaa. Alidhani watakasirika. Wengi waliona aibu kwa niaba yake wakaangalia chini. Wawili watatu waliacha karate kabisa. Waliobaki walimfuata Spana.

Spana alikuwa amepata ghala tupu nyuma ya gereji yake. Mzizi alipokwenda kumwona alimkuta anafundisha, na aliyoyasikia kutokea barabarani yalikuwa maneno yake mwenyewe, kwa mkazo wake mwenyewe, mpaka pumzi ya katikati. Akasubiri mapumziko.

"Nimekuja kukuomba," akasema. "Yale magoti. Ulinisikia nilivyosema."

"Nilikusikia, mzee wangu."

"Basi badilisha."

Spana alijifuta jasho. Akavuta suruali juu kidogo, akaonyesha bandeji mbili, kila goti na yake. "Yangu pia yanauma. Asubuhi nashuka kitandani kama mzee wa miaka themanini. Lakini ndiyo kazi yenyewe. Wewe umeumia kwa ajili ya mtoto wako, nakuelewa, mimi pia roho inaniuma, nilikuwa nimesimama juu yake. Ila usiniambie kwamba yote niliyokaa pale chini miaka yote ile ilikuwa bure."

"Si bure. Ilikuwa makosa."

"Kwangu ni kile kile," Spana akasema. Akawageukia watoto, akapiga makofi waanze.

Mzizi alirudi tena na tena. Alisimama mlangoni akawaambia watoto watoe magoti nje. Watoto walimwangalia yeye, wakamwangalia mwalimu wao, wakacheka. Mwishowe Spana alimshika mkono kwa adabu zote, akamsindikiza mpaka barabarani, akamwomba asije tena, wazazi wameanza kuuliza yule mzee ana shida gani.

Chama kilimwandikia Spana barua ya kumtaka abadilishe, Spana akajitoa kwenye chama. Ghala likajaa, akafungua la pili. Siku ya kulifungua alituma mtu amwalike Mzizi, kwa heshima, kama mwanzilishi. Mzizi alikwenda kwa matumaini kwamba huenda kuna jambo limebadilika. Kwenye ukuta wa mbele mchoraji wa mabango alikuwa amemchora yeye, kijana, mkubwa kuliko binadamu wa kawaida, amekaa farasi, kila goti likilitazama lenzake. Ilikuwa rangi ya mafuta, ile isiyotoka kwa maji. Watoto waliokuwa wakiingia walisimama mbele ya picha, wakainama, kisha wakaingia.

Akarudi nyumbani kwa miguu. Alimkuta binti peke yake, anapiga pasi amekaa kwenye kiti kirefu. Shule ya chekechea ilikuwa imemhamishia stoo ya vitabu na madaftari, kazi ya kukaa. Watoto hawakuruhusiwa kuingia stoo. Mzizi akamsimulia alichokiona, ingawa hakuulizwa. Binti aliendelea kunyoosha kola ya shati.

"Walikuwa wengi?" hatimaye akauliza.

"Wengi."

"Wadogo?"

"Wapo wenye mapengo."

Binti akasimamisha pasi wima. Akaweka mkono juu ya shati lenye joto. "Mimi sina la kukwambia, Baba," akasema. Haikuwa hasira. Hasira ingekuwa afadhali.

Siku hizi Mzizi anachomelea kidogo, macho yamechoka. Asubuhi binti anaposhuka ngazi kwenda kazini, yeye hutangulia hatua moja chini yake, akageuka kinyumenyume, ili ikitokea amdake. Binti hamshiki. Hushika ukuta, lakini hamwambii atoke.

Juzi alikuja karakana mama mmoja kuagiza nondo za dirisha la jikoni. Walipomaliza habari za nondo akasema amesikia mzee ndiye aliyemfundisha mwalimu wa ghala jipya, anataka kumpeleka binti yake, mtoto ana nguvu nyingi mno, anaruka ruka nyumba nzima. Mzizi akaweka tepu chini. Akamwambia asimpeleke. Akamweleza goti kwa mikono yake, gegedu, unyayo, kila kitu, mpaka jasho likamtoka. Yule mama alimsikiliza huku akiangalia saa.

"Lakini si ni picha yako ile ukutani?" akauliza.

"Ni yangu."

Mama akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyekwishaelewa kwamba wazee wana wivu wao, akamwachia vipimo vya dirisha, akaaga. Mzizi alisimama mlangoni akamtazama. Alipofika barabarani hakukata kulia kuelekea kwao. Alikata kushoto, upande wa ghala.